Chumvi ya majani ya pwani: mzigo mpya mpakani au jina tu?

Magunia ya chumvi ni miongoni mwa mizigo ya zamani kabisa katika njia za biashara za Afrika Mashariki. Hadi leo malori yanayopakia katika viwanda vya Gongoni na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, huvuka Malaba na Busia kuingia Uganda, na sehemu ya shehena hiyo huendelea mbele hadi Rwanda na mashariki mwa Kongo. Kwa upande wa Tanzania, chumvi ya Uvinza imelisha Kigoma na majirani wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika tangu kabla ya reli kufika huko. Ni mzigo usio na makuu. Faida yake kwa kila gunia ni ndogo, unakula bodi ya lori kwa kutu, na hakuna dereva anayejisifu kuubeba.

Sasa kuna chumvi ya aina nyingine inayozungumzwa. Katika maduka ya vyakula ya Ulaya, Korea Kusini na Marekani huuzwa unga wa kijani unaotokana na mimea inayostawi kwenye maji ya bahari, na bei yake kwa kilo ni mara nyingi zaidi ya ile ya chumvi ya mezani. Wauzaji wake wanasema ni chumvi yenye sodiamu kidogo na virutubisho vingi. Mimea ya ukoo huo inaota pia kwenye pwani yetu, nyuma ya mikoko, mahali ambapo watu wengi wanapaona kuwa ni jangwa la tope tu. Swali linalomhusu mfanyabiashara wa ukanda huu ni rahisi kuliuliza na gumu kulijibu: je, hapo pana mzigo wa kuvusha mpaka, au pana jina zuri tu?

Mmea unaokunywa bahari

Maarufu kuliko yote katika mimea hiyo ni salikonia. Haina majani kama tuyajuavyo. Ni vijiti vya kijani vyenye pingili, laini na vilivyojaa maji, na mara nyingi urefu wake haupiti goti la mtu mzima. Hukua kwenye mbuga za chumvi ambako maji ya bahari hufika siku za bamvua na kuacha ardhi nyeupe kwa chumvi. Mahindi yakinyweshwa maji hayo yatakauka mapema, lakini salikonia huyanywa na kuifungia chumvi ndani ya seli zake ili isimdhuru.

Ulaya wanaijua kwa muda mrefu. Waholanzi huila pamoja na samaki na huilima jimboni Zeeland. Waingereza na Wafaransa huiokota ufukweni majira ya joto. Zamani majivu yake yalitafutwa kwa sababu nyingine kabisa: yalikuwa na magadi yaliyotumika kutengenezea kioo na sabuni, hadi Mfaransa Nicolas Leblanc alipopata hataza mwaka 1791 ya kutengeneza magadi kutokana na chumvi ya kawaida. Biashara ya majivu ikafifia baada ya hapo. Ni vyema wafanyabiashara wakumbuke kisa hicho, maana mmea ule ule uliwahi kuwa mali kubwa kisha ukageuka gugu kwa sababu ya kiwanda kimoja cha bei nafuu.

Korea Kusini ndiko walikofika mbali zaidi katika kuigeuza kuwa chumvi. Huko huitwa hamcho, na hukaushwa, husagwa, au huchemshwa na kuchujwa ili kupata punje. India nayo haiko nyuma. Taasisi ya utafiti wa chumvi na kemikali za baharini iliyoko Bhavnagar, jimboni Gujarat, ilifanya kazi ya kutengeneza chumvi ya mimea kutokana na salikonia na sueda za pwani hiyo, na hataza yake ya Marekani ilitolewa mwaka 2005. Dubai kuna kituo cha kimataifa cha kilimo cha maji chumvi kilichoanzishwa mwaka 1999, ambacho kimejaribu salikonia za sehemu mbalimbali za dunia kwenye mchanga wa Ghuba.

Kwa pwani ya Afrika Mashariki, ndugu wa salikonia huonekana kwenye viwanja vitupu vilivyo kati ya mikoko na nchi kavu. Sueda, ambayo ni kichaka chenye majani membamba yaliyonona, huota pwani na pia kandokando ya maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa. Kuna pia ule mmea unaotambaa mchangani, wenye majani manene na maua madogo ya waridi, ambao katika nchi kadhaa za Asia huliwa kama mboga baada ya kuchemshwa mara moja mbili kupunguza chumvi yake.

Chumvi ya mimea si ngeni kwetu

Kabla ya kuvutiwa na unga wa kutoka ng'ambo, inafaa kukumbuka kuwa watu wa ukanda huu walikula chumvi ya mimea kabla gunia la kwanza la chumvi ya bahari halijawafikia. Magharibi mwa Kenya, Waluhya hadi sasa hutengeneza maji ya chumvi yaitwayo musherekha. Maganda ya maharage yaliyokauka, au mimea mingine, huchomwa, majivu hutiwa kwenye chombo chenye matundu na kuchujwa kwa maji. Maji yale hutiwa kwenye kunde, mrenda na mboga nyingine ngumu ili zilainike. Ng'ambo ya mpaka, Uganda na Kongo, mbinu za namna hiyo zinajulikana pia, na mimea ya majini na vinamasini imechomwa kwa kazi hiyo tangu enzi.

Tofauti iliyopo ni ya kikemia, na ndiyo inayoleta mkanganyiko sokoni. Majivu ya mmea wa nchi kavu hutoa zaidi chumvi za potasiamu. Salikonia, kwa kuwa imekunywa bahari, hutoa zaidi sodiamu na klorini, yaani ile ile chumvi ya mezani, ikiwa imechanganyika na nyuzinyuzi, potasiamu, magnesi na madini mengine ya mmea. Mtu akiambiwa "chumvi ya mimea" bila kuelezwa ni mmea gani, hajui anauziwa kitu gani.

Hoja ya afya ina ukweli, lakini si wote

Hakuna ubishi kwamba dunia inakula chumvi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kijiko kimoja cha chai, wakati wastani wa dunia unakadiriwa kuwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Shirika hilo linahusisha vifo takriban milioni 1.9 kila mwaka na sodiamu nyingi mwilini. Shinikizo la damu na kiharusi vimeacha kuwa magonjwa ya matajiri wa mijini. Madereva wa masafa marefu, wanaokaa kitini siku nzima na kula nyama choma na chipsi kwenye vituo vya njiani, hawahitaji kusimuliwa habari hiyo na mtu wa mbali.

Ushahidi kwamba kubadili chumvi kunasaidia upo pia. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika vijijini China, ukihusisha vijiji 600 na watu karibu 21,000 waliowahi kupata kiharusi au wenye umri mkubwa na shinikizo la damu. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi iliyochanganywa, robo tatu chumvi ya kawaida na robo moja kloridi ya potasiamu. Kiharusi kilipungua kwa asilimia 14 kwa waliotumia mchanganyiko huo. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo unaopendekeza chumvi ya namna hiyo kwa matumizi ya nyumbani, isipokuwa kwa wajawazito, watoto na wenye matatizo ya figo, kwa kuwa potasiamu ikizidi kwa mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi vizuri inaweza kusimamisha moyo.

Hapo ndipo wauzaji wa unga wa kijani wanapoingiza mguu ndani ya kiatu kisicho chao. Chumvi ya China si salikonia. Ile ni chumvi ya kiwandani yenye vipimo vinavyojulikana. Salikonia ikikaushwa, kati ya theluthi na karibu nusu ya uzito wake huwa ni madini, na sehemu kubwa ya madini hayo ni sodiamu na klorini. Ni kweli basi kwamba kijiko cha unga wa salikonia kina sodiamu ndogo kuliko kijiko cha chumvi ya mezani, kwa sababu nusu au zaidi ya kijiko hicho ni mboga kavu. Lakini ladha yake ya chumvi nayo ni ndogo kwa kiasi hicho. Mpishi anayetia vijiko viwili ili mchuzi ukolee kama alivyozoea hakupunguza kitu, na amelipa zaidi.

Watafiti wa Korea wamefanya majaribio kwa panya, baadhi yakichapishwa mwaka 2016, yakionyesha kuwa dondoo ya salikonia haikupandisha shinikizo la damu kama ilivyofanya chumvi tupu yenye sodiamu ya kiasi kile kile. Ni jambo la kutia moyo. Hata hivyo, panya wa maabara si ushahidi wa kubandika kwenye pakiti kwamba bidhaa inatibu presha, na mfanyabiashara anayeandika maneno hayo anaingia katika sheria za dawa, si za chakula.

Liko suala zito zaidi kwa nchi za bara. Chumvi ya mezani katika ukanda huu ndiyo gari linalobeba madini joto, au ayodini kama wengine waitavyo. Kenya iliagiza chumvi itiwe ayodini tangu mwaka 1978, na Tanzania na Uganda zikafuata kwa kanuni zao katika miaka ya 1990. Kabla ya hapo, nyanda za juu zilizo mbali na bahari zilijaa watu wenye rovu shingoni, na watoto waliozaliwa na akili iliyodumaa kwa sababu mama alikosa madini hayo wakati wa ujauzito. Unga wa salikonia hauwezi kutegemewa kufanya kazi hiyo. Familia ya Kabale au Bukavu ikiacha kabisa chumvi ya gunia na kutumia unga wa kijani, inaweza kuukimbia ugonjwa mmoja na kuukaribisha mwingine. Kwa hiyo unga huu unafaa kuuzwa kama kiungo cha kuongeza juu ya chumvi kidogo yenye madini joto, na sio kama mbadala wake kamili.

Kuna na suala la mahali mmea ulipootea. Mimea hii hunyonya sio chumvi peke yake bali hata metali nzito ikiwa zipo ardhini. Salikonia iliyokatwa karibu na bandari au mdomo wa mto unaobeba maji machafu ya mji haifai kuliwa mpaka ipimwe. Mnunuzi wa Ulaya ataomba cheti cha maabara cha risasi, kadmiamu na zebaki kabla hata hajauliza bei.

Massawa: funzo lililo jirani

Wanaodhani kuwa kilimo hiki hakijawahi kujaribiwa upande wetu wa dunia wamesahau Eritrea. Mwaka 1999 Mmarekani Carl Hodges na wenzake, wakishirikiana na serikali ya nchi hiyo, walianzisha shamba la maji ya bahari karibu na Massawa, kwenye Bahari ya Shamu. Walichimba mfereji wa kuleta maji ya bahari bara. Maji yalipita kwanza kwenye mabwawa ya kamba, yakatoka na mbolea ya kamba hao kwenda kwenye mashamba ya salikonia, na mwisho yakamwagilia mikoko iliyopandwa. Wenyeji wengi walipata kazi, na nchi ikapata bidhaa ya kuuza Ulaya. Mwaka 2003 shamba likasimama.

Si bahari iliyowaangusha. Mmea uliota kama ilivyotarajiwa. Majaribio ya awali huko Sonora, nchini Mexico, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1991, yalikuwa yameshaonyesha kuwa hekta moja ya salikonia inayomwagiliwa maji ya bahari inaweza kutoa wastani wa tani 17 za mmea mkavu na tani 2 za mbegu, mbegu ambazo zina mafuta karibu asilimia 30 na protini kiasi kama hicho. Mafuta hayo ndiyo yaliyovutia mashirika ya ndege baadaye, na Januari 2019 ndege ya Etihad iliruka kutoka Abu Dhabi hadi Amsterdam ikiwa na sehemu ya mafuta yaliyotokana na salikonia iliyolimwa Masdar. Uwezo wa mmea basi haubishaniwi. Kinachobishaniwa ni kama pana mtaji wa kusubiri miaka, utulivu wa nchi, na soko linalolipa mara kwa mara badala ya mara moja. Massawa ilikuwa na mmea, ikakosa hayo mengine.

Afisa wa forodha atauita nini?

Hapa ndipo mahali panapowahusu zaidi mawakala wa forodha, na ndipo ambapo biashara nyingi mpya hufia.

Kiwango cha kimataifa cha chumvi ya kula, kilichowekwa na Codex mwaka 1985, kinaieleza chumvi kuwa ni bidhaa ya punje itokayo baharini, kwenye miamba ya chumvi ardhini au kwenye maji chumvi ya asili, na kinataka kloridi ya sodiamu isipungue asilimia 97 ya uzito mkavu. Unga wa salikonia haufiki hata karibu ya hapo. Anayeandika "chumvi" kwa herufi kubwa kwenye gunia na kulipeleka mpakani anajitafutia balaa mara mbili: mkaguzi wa viwango atasema bidhaa haijatimiza kiwango cha chumvi, na atauliza madini joto yako wapi. Atakuwa na haki kwa yote mawili.

Katika vitabu vya forodha, chumvi iko kwenye kifungu 2501. Mboga zilizokaushwa, hata zikiwa zimesagwa, ziko 0712. Mboga mbichi za aina hii huangukia 0709. Viungo vilivyochanganywa viko 2103. Kila namba ina ushuru wake, cheti chake na ofisi yake ya kuuliza. Salikonia mbichi itahitaji cheti cha afya ya mimea, wakati kiungo kilichochanganywa kitadaiwa zaidi vyeti vya usalama wa chakula na alama ya ubora. Mfanyabiashara anayebadili jina la mzigo kila akifika mpaka mwingine, kwa ushauri wa wakala mwerevu, atakutana siku moja na kompyuta inayokumbuka alichosema mwezi uliopita.

Njia iliyo salama ipo, ingawa wengi hawaitumii. Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika Februari 2017, unazitaka nchi wanachama zitoe uamuzi wa awali wa uainishaji pale mwagizaji anapoomba kwa maandishi. Mtu anapeleka sampuli na maelezo kwa mamlaka ya mapato kabla hajapakia, anapewa namba, na anasafiri na karatasi hiyo. Inachosha kusubiri barua, lakini kulipia siku za lori lililolala Malaba kunachosha zaidi.

Kwa wachuuzi wadogo wanaovuka na mabegi, mfumo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa cheti rahisi cha uasilia unahusu bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama ambazo thamani yake haizidi dola 2,000. Mboga iliyookotwa Lamu au Tanga na kukaushwa huko huko ni bidhaa ya Jumuiya bila shaka yoyote. Lakini cheti rahisi husaidia pale tu bidhaa inapokuwa kwenye orodha iliyokubaliwa ya mpaka husika, na bidhaa ngeni haimo mpaka watu waipeleke kwenye meza ya mazungumzo. Hakuna atakayewafanyia kazi hiyo wachuuzi kama vyama vyao havikuamka.

Hesabu ya msafirishaji

Mwenye lori anataka kujua jambo moja: mzigo unalipa kwa uzito au kwa nafasi. Chumvi ya gunia ni nzito. Lori hufikia kikomo cha mizani kabla bodi haijajaa, na Sheria ya Jumuiya ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, yenye kikomo cha tani 56 kwa lori la ekseli saba, haina huruma na aliyezidisha. Unga wa salikonia ni mwepesi. Bodi itajaa kabla mizani haijalalamika. Maana yake ni kwamba nauli iliyozoeleka ya chumvi kwa tani haitamlipa mwenye gari, na bei inapaswa kupangwa kama ya majani ya chai au viungo.

Salikonia mbichi ni habari nyingine. Karibu asilimia 90 yake ni maji, na ikikosa baridi hunyauka ndani ya siku chache. Israel na Mexico ziliweza kuiuza Ulaya kwa sababu zina ndege na maghala ya baridi yaliyokwisha kujengwa kwa ajili ya mboga na matunda mengine. Kenya ina miundombinu ya namna hiyo Nairobi kutokana na maua na maharage machanga. Kati ya Ngomeni na Nairobi, hata hivyo, kuna zaidi ya kilomita 500 za barabara na joto la pwani. Bila lori lenye jokofu mzigo huo utafika uwanja wa ndege ukiwa mchuzi.

Inabaki njia ya kukausha. Ukitaka tani moja kavu unakata takriban tani kumi mbichi, na si mmea mzima unaofaa, kwa sababu vijiti vikizeeka hupata mti ndani. Zile tani 17 kwa hekta za Sonora zilikuwa za mmea uliokomaa wote pamoja na shina, na mtu asizipeleke benki kana kwamba ni tani za unga wa kula. Kuanika kunawezekana juani kwenye vichanja kama dagaa wanavyoanikwa, ila unga wenye chumvi huvuta unyevu wa hewa. Gunia la kawaida la plastiki lililofumwa halitoshi. Likikaa wiki mbili ghalani Mombasa msimu wa masika, kitakachofunguliwa Kampala ni jiwe la kijani. Mfuko wa ndani usiopitisha hewa ni lazima, na gharama yake iingizwe mapema.

Na kutu haiondoki. Chumvi ni chumvi hata ikivaa kijani.

Nani atashika bei

Mfano wa karibu kuliko wote wa mmea wa baharini uliogeuka zao la kuuza nje ni mwani wa Zanzibar. Ulianza kulimwa kibiashara mashariki mwa Unguja mwaka 1989, na wanawake wa vijijini ndio waliouchukua kwa wingi. Umewapa fedha zao wenyewe, wamesomesha watoto na kujenga nyumba. Lakini kwa miaka mingi mwani ulikaushwa na kuuzwa ghafi kwa wanunuzi wachache waliotoa kamba na kupanga bei, na thamani ikaongezwa Ulaya na kwingineko. Aina iliyokuwa na bei nzuri zaidi ikaanza kufa kadiri maji ya kina kifupi yalivyozidi kupata joto. Mkulima akabaki na aina ya bei ya chini.

Salikonia inaweza kwenda njia hiyo hiyo kwa urahisi. Pengo la bei kati ya kilo ya mmea mkavu ufukweni na kilo ya unga kwenye chupa ndogo dukani Paris ni kubwa mno, na anayekaa karibu na chupa ndiye anayelikusanya. Kusaga, kupima na kufungasha kufanyike Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, vinginevyo mwenye lori wa hapa atabeba majani na mwenye kontena wa ng'ambo atabeba faida.

Ardhi nayo ina historia. Viwanja vya chumvi vya pwani ya kaskazini mwa Kenya vimekuwa na mivutano mirefu kati ya viwanda na wakazi wa Magarini, kiasi kwamba tume ya taifa ya haki za binadamu ilifanya uchunguzi wa wazi na kutoa ripoti mwaka 2006. Malalamiko yaliyosikilizwa yalihusu watu kuondolewa, maji kuharibika na mikoko kukatwa. Kilimo cha salikonia hutafuta ardhi ile ile, tambarare ya chumvi karibu na bahari, ambayo kwenye ramani huonekana haina mwenyewe na kwenye uhalisia ina wavuvi, wafugaji na wakata kuni. Mwekezaji atakayekuja na ramani peke yake atarudia kesi za zamani kwa mmea mpya.

Kwa sasa, wanunuzi walio karibu zaidi ni hoteli. Watalamu wa jikoni kwenye hoteli za Diani, Watamu na Nungwi hupika samaki kwa wageni wa Ulaya ambao kwao salikonia ni mboga inayojulikana. Kilo ishirini au thelathini mbichi kwa wiki, zikiwa kwenye sanduku la barafu nyuma ya pikipiki, hazihitaji uwanja wa ndege wala namba ya forodha. Zinahitaji mtu anayejua mahali pasafi pa kukata, anayekata ncha tu na kuacha shina lichipue, na anayefika jikoni kabla ya saa nne asubuhi. Kutoka Tanga kwenda Diani ni mpaka mmoja tu, Lungalunga na Horohoro, wenye kituo cha huduma za pamoja. Huko ndiko mzigo wa kwanza unakoweza kupimwa, cheti cha afya ya mimea mkononi, na bei ikajulikana kwa vitendo kabla mtu hajakopa fedha za kununua mashine ya kusagia.